Mjomba Hashuki kwa Pikipiki

Harusi ya Julia ilikuwa na kila kitu isipokuwa mjomba. Ng'ombe alikuwepo, amefungwa nyuma ya nyumba pale Lisekese, Masasi, akila majani ya jirani bila aibu. Kwaya ilikuwepo na sare yake mpya. Shela lilikuwepo, limetundikwa kabatini ndani ya mfuko wa nailoni, na kila mwanamke aliyeingia chumbani alilishika, akasema ni zuri, akaliachia alama ya kidole. Lakini Jumatatu, juma lenyewe la harusi, Sabina, mama yake Julia, alimpigia simu kaka yake Gerson aliyeko Mkunya, huko juu Newala, kumkumbusha awahi. Kaka akamjibu kwamba haji.

"Huji wapi, kaka?" Sabina aliuliza, maana alidhani mtandao unakatakata.

"Siji Masasi. Gari bovu."

"Si upande basi? Au pikipiki. Baba Julia atakutumia nauli."

"Mimi sishuki kwa pikipiki, Sabina. Nilishasema." Simu ikakatika, na safari hii haukuwa mtandao.

Mtu wa mikoa mingine angesema basi, harusi iendelee, mzee atakula pilau lake siku nyingine. Huku kusini haiwezekani. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mkubwa wa ukoo huo ni mjomba. Baba anaweza kulisha, kusomesha, kuuguza na kununua viatu, lakini siku ya kumtoa binti anayesimama na kusema "tumempa" ni mjomba. Wazee wa upande wa mume walikuwa wamekwisha kuuliza kama mjomba mtu yupo, na Sabina akawajibu yupo, tena mzima. Hata padri, ambaye alizaliwa hapo hapo Masasi na anazijua taratibu za pande zote mbili, za kanisa na za nyumbani, aliuliza. Julia mwenyewe, nesi mwenye msimamo, alisema shela halivai mpaka aone uso wa mjomba wake.

Kiapo cha Gerson kilikuwa na sababu. Mwaka uliopita alishuka Masasi msibani kwa pikipiki, barabara ikiwa bado kwenye matengenezo, akafika mwekundu kuanzia kofia hadi soksi. Wenyeji wasiomjua wakamwonyesha pa kukaa: nyuma, karibu na masufuria, pamoja na vijana wa kuchota maji. Akakaa. Akala huko huko. Kisha mama mmoja akamwambia, "We mzee, hebu nishikie hili karai," naye akalishika. Aliporudi Mkunya akaapa kwamba Masasi hawatamwona tena ila nyuma ya usukani wa gari lake mwenyewe, amevaa suti isiyo na chembe ya vumbi.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu nyeupe, yaani iliyowahi kuwa nyeupe, aliyoinunua miaka ile korosho zilipokuwa na adabu. Ndiyo iliyompeleka Sabina kanisani siku alipoolewa na mwalimu Felix. Gerson alikuwa amekwisha kumwahidi Julia, tangu akiwa mtoto wa kukaa mapajani, kwamba naye atapelekwa nayo. Watu wa Mkunya waliiita Nang'olo, yaani mzee, na zamani ikipita waliiamkia shikamoo kwa utani. Sasa ilikuwa haipiti.

"Nitakwenda kulitengeneza mwenyewe," mwalimu Felix alisema jioni ile, baada ya kumsikiliza mkewe akilia na kukasirika kwa zamu.

Sabina alifuta macho akamtazama vizuri. Katika ndoa yao yote mumewe alikuwa ametengeneza baiskeli, pasi, na redio moja ambayo tangu siku hiyo haikusema tena.

"Wewe, Baba Julia?"

"Gari ni nini? Ni baiskeli yenye moto."

*

Felix alipanda Mkunya kwa pikipiki, sanduku la spana la kuazima likiwa mapajani, akafika akiwa na rangi ile ile iliyomkasirisha mwenzake mwaka uliopita, maana lami ilikuwa haijafika huko juu.

"Shikamoo, mlamu." Ndivyo mashemeji wanavyoitana huku.

"Marahaba. Umekuja kwa pikipiki?"

"Ndiyo."

"Naona," alisema Gerson, akampeleka moja kwa moja kwenye maji ya kunawa.

Pikapu ilikuwa chini ya mkorosho, imezama matairi kwenye majani makavu. Kuku alikuwa amelalia mayai juu ya kiti cha dereva, na alipomwona Felix alitoa sauti ya mwenye nyumba. Fundi wa mjini Newala alikuwa amekwisha kuja kuiona. Alifungua boneti, akaangalia kidogo, akaishusha taratibu kama anayefunika maiti, akasema, "Mzee, poleni." Alichosifia ni breki peke yake. Mengine yote alitaka kuyafanya baada ya sikukuu, injini ikiwa imeshushwa chini.

"Baada ya sikukuu mtoto atakuwa ameshaolewa au ameshaachwa," alisema Gerson. "Haya, mwalimu. Anza somo."

Felix alizunguka mbele ya gari, akapapasa kingo za boneti, akapiga magoti, akasimama tena.

"Kuna kitu cha kuvuta, chini ya stelingi," Gerson alimwambia.

"Najua. Nilikuwa nakagua kwanza."

Sauti ya kicheko ilitoka upande wa pili wa ua. Alikuwa Uwesu, jirani mwenye shamba linalopakana na la Gerson na mdomo usiopakana na kitu. Alisogea akiwa na kikombe chake cha chai mkononi, akaegemea bodi ya gari, na tangu saa hiyo hakuondoka ila kwenda kuswali.

Betri ilikuwa imekufa kabisa. Walitafuta nyingine Mkunya nzima, kumbe ipo chumbani kwa Gerson, imeunganishwa na sola, ikiwasha taa na televisheni ya mkewe. Jina la mkewe ni Scholastika, ila wote walimwita Mama Winfrida. Alisimama mlangoni akiwatazama wanaume wawili wakitoka na betri yake kama wezi wenye adabu.

"Na tamthilia yangu?"

"Jumapili utaikuta," alisema Gerson.

"Jumapili atakuwa ameshamsamehe yule mwanamume mshenzi, na mimi sitajua kwa nini."

Kwa betri hiyo injini ilizunguka. Ilizunguka, ikazunguka, haikuwaka. Felix alitoa simu akaangalia video za watu wanaotengeneza magari huko duniani. Aliyemwelewa zaidi alikuwa mtu mmoja mwenye ndevu aliyesema lugha asiyoijua, lakini aliyenyoosha vidole vizuri. Kwa vidole vile Felix akagundua kwamba pampu ya mafuta haivuti. Petroli ipo kwenye tangi nyuma, kabureta ipo mbele, na kati yao hakuna mawasiliano, kama ndugu waliogombania shamba.

Alikaa chini ya mkorosho akafikiri, na wenzake wakamwacha afikiri, kwa sababu kwa kweli walikuwa wameishiwa utani.

"Mlamu," alisema hatimaye, "mgonjwa asiyeweza kunywa wanamfanyaje hospitali?"

"Wanamtundikia dripu."

"Basi na hili tulitundikie. Dumu la petroli juu ya paa la kebini, mpira mwembamba unashuka mpaka kwenye kabureta. Mafuta yatateremka yenyewe."

Gerson alimtazama shemeji yake kwa jicho jipya kidogo. Uwesu akaacha hata kunywa chai. Mpira wa namna hiyo, usioharibiwa na petroli, ulikuwa nyumbani kwake, kwenye bomba lake la kupulizia salfa, dawa ya ugonjwa wa ubwiriunga, lile la kubeba mgongoni lenye injini. Kila mkulima wa korosho analo au analiazima, na msimu wa kupulizia ulikuwa umekwisha. Lakini Uwesu hakuwa mtu wa kuazimisha bomba lake. Alikwenda akaufungua ule mpira mwenyewe, akauleta umening'inia shingoni.

"Mpira wangu unakwenda Masasi, na mimi nakwenda Masasi," alisema. "Hapo hatuachani."

"Umealikwa?" Gerson aliuliza.

"Mpira umealikwa."

Walipowasha, Nang'olo alikohoa mara moja, akatetemeka kuanzia taa hadi bodi, akatoa wingu la moshi wa njano, maana ule mpira ulikuwa haujaoshwa sawasawa. Kuku walikimbilia kwa majirani. Harufu ya kiberiti ilijaa uani. Halafu injini ikashika, ikanguruma, ikaendelea kunguruma, na Gerson akavua kofia.

"Mikorosho yote ya hapa imepona ubwiriunga," alisema Uwesu akipiga chafya.

*

Kilichobaki kilikuwa rejeta. Ilikuwa na tundu mahali pasipofikika, na maji yaliyotiwa juu yalitoka chini yakinywewa na mchanga.

Sasa, maji ya Mkunya hayachezewi. Uwanda wote huo uko juu, visima ni vya mbali, na mwanamke mwenye tangi la kuvunia mvua hulifunga kwa kufuli. Mama Winfrida alikuwa na tangi, alikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa kwenye pindo la kanga yake. Aliwapa ndoo ya kwanza. Aliwapa ya pili. Walipokuja na ya tatu alisimama mbele ya tangi.

"Gari linakunywa kuliko ng'ombe, na maziwa halitoi," alisema. "Shemeji, wewe ni mwalimu. Hebu niambie haya maji yanakwenda wapi?"

Felix alirudi kwenye simu, kwa yule mwenye ndevu. Akaona yule mtu akivunja yai, akalimwaga ndani ya rejeta, akachekelea. Tundu likaziba. Felix akaonyesha wenzake, na wote wakageuza macho kumtazama kuku, ambaye sasa alikuwa amehamishiwa kwenye tenga na mayai yake.

"Hata msifikirie," alisema Mama Winfrida. "Hao ni wa Krismasi."

Gerson alikuna kidevu. "Yai likipata joto linafanyaje?"

"Linaganda," alijibu Felix.

"Na unga wa muhogo?"

Wakatazamana. Ni jambo la kushangaza jinsi watu wazima, waliokula ugali wa muhogo tangu wameota meno, walivyolitafakari swali hilo kwa uzito na kuona kwamba hakuna ubaya. Uwesu alisema ni wazo zuri sana. Mama Winfrida, kwa furaha ya kuokoa mayai yake, alikimbia mwenyewe kuleta bakuli la unga, mweupe, uliochekechwa vizuri.

Felix alitia vijiko viwili, kwa kipimo, kama inavyomfaa mwalimu. Akaenda kunawa. Gerson aliona vijiko viwili ni vya watu wa mjini, akaongeza konzi moja, akaenda kunawa naye. Mama Winfrida alikuja kuchukua bakuli lake, akakuta unga umebaki, na yeye si mwanamke wa kuacha kazi nusu. Akamimina wote, akafunika mfuniko, akakung'uta bakuli.

Wakawasha. Wakasubiri wameinama, vichwa vitatu chini ya gari. Tone likaanguka. Tone jingine likachelewa, likaning'inia, likaamua kutoanguka.

"Limeziba!" Felix alipiga kelele. Akampigia simu Sabina papo hapo, akaiweka simu juu ya boneti asikie mwenyewe. Kutoka Lisekese, katikati ya ngurumo ya injini, ikasikika sauti nyembamba ya vigelegele, na nyuma yake sauti ya Julia akiuliza, "Mjomba anakuja? Mama, anakuja?"

Gerson alichukua simu akaielekeza mdomoni kwa mikono miwili. "Nakuja, mpwa wangu. Kwa gari."

*

Asubuhi ya Jumamosi waliondoka Mkunya jua likiwa bado changa. Gerson alikuwa kwenye usukani, suti nyeusi, kofia mapajani. Mama Winfrida alikaa katikati, na Felix dirishani. Nyuma kwenye bodi alisimama Uwesu amevaa kanzu na koti, mkono mmoja umeshika dumu la petroli juu ya paa, akiwapungia watu kwa mkono wa pili. Watu walitoka majumbani kuiamkia pikapu shikamoo, na Gerson akaitikia marahaba kwa niaba yake.

Mteremko wa kutoka uwandani waliushuka vizuri, kwa gia ndogo. Chini mashamba yalikuwa yametandazwa hadi kwenye vilima vya mawe vya Masasi, na Gerson akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Mkewe akaitikia. Felix alitoa mkono nje ya dirisha upepo uupige, akawaza kwamba akirudi Lisekese leo hakuna atakayeitaja tena ile redio.

Chini tambarare, ambako barabara inapanda kidogo na kushuka kidogo na injini inafanya kazi yake mwenyewe, mshale wa joto ulianza kupanda. Felix aliuona. Gerson aliuona. Wimbo ukaimbwa kwa nguvu zaidi. Halafu mvuke ukatoka chini ya boneti, mweupe na mzito, na harufu yake ilikuwa ya nyumbani kabisa.

Gari lilisimama likiwa limebakiza kipande kidogo tu kufika Lisekese. Walisubiri lipoe, kisha Felix akafungua mfuniko wa rejeta kwa kitambaa. Kitu cheupe kikajitokeza taratibu, kikavimba, kikapasuka, "pwa!"

Uwesu alishuka kwenye bodi akachungulia. "Ugali," alisema. "Tena umeiva. Tumekosa kisamvu tu."

"Haiwezekani," alisema Felix. "Nilitia vijiko viwili."

"Mimi niliongeza konzi moja," alisema Gerson, akitazama mbali.

Wakaitazama tena rejeta.

"Mimi nilimalizia," alisema Mama Winfrida.

"Ulimalizia nini?"

"Bakuli." Kisha akapandisha sauti. "Sasa mngeniambia kwamba maji yake yanachemka! Mimi nilijua ya gari yanakaa baridi!"

Uwesu alicheka mpaka akashika kanzu yake na kuketi kwenye nyasi. Wengine hawakuweza. Misa ilikuwa saa nne, na baada ya hiyo padri alikuwa na harusi nyingine. Felix alimpigia Sabina akamweleza yote, mpaka na ugali, kwa sauti ya mtu aliyefeli mtihani alioutunga mwenyewe. Kisha akasimamisha pikipiki iliyokuwa ikielekea Masasi.

"Kaka, panda."

Gerson aliitazama pikipiki. Alitazama suti yake. "Sipandi."

"Kaka, mtoto anasubiri."

"Nilisema sipandi, mlamu. Tangulieni ninyi."

"Tukatangulie kufanya nini?" Sauti ya Felix ilipanda, na ilikuwa mara ya kwanza tangu amuoe Sabina kumpandishia sauti kaka yake. "Kwa ajili ya vumbi? Kwa ajili ya karai la mwaka jana?"

"Si karai!" Gerson alipiga boneti kwa kiganja, akakiondoa upesi maana ilikuwa ya moto. Akakaa kwenye ukingo wa barabara na suti yake yote. "Sikiliza. Zamani mjomba alitembea kwa miguu toka Mkunya, akifika watu wanasimama. Siku hizi mjomba ni nani? Ada umelipa wewe. Chuo umempeleka wewe. Alipougua ulimlaza wewe. Mimi nimempa Julia nini? Mafungu ya muhogo mkavu. Gari hili ndilo kitu pekee nilichomwahidi, na ndilo kitu pekee nilicho nacho. Nikifika bila gari, nimefika kama nani?"

Felix alikaa kando yake. Kijana wa pikipiki alizima injini, kwa kuwa aliona mambo ni ya wakubwa.

"Mimi nimelipa yote hayo," alisema Felix pole pole, "na leo kwa neno langu mwanangu hawezi kuvuka hata kizingiti. Unadhani hainiumi? Inaniuma, kaka. Nimekaa kimya miaka yote na inaniuma. Lakini ndivyo ilivyo, na Julia anataka iwe hivyo. Hajaniuliza gari liko wapi. Kila nikipiga simu anauliza kama wewe unakuja. Nimelala chini ya gari lako juma zima kwa sababu ya swali hilo tu."

Gerson alisimama. Alivua koti, akalikunja bitana nje, akampa mkewe. Akamwendea kijana wa pikipiki.

"Nenda taratibu," alimwambia, akainua mguu.

Mguu ulikuwa bado hewani pikipiki nyingine zilipotokea upande wa Masasi, honi zikilia, tatu kwa mstari. Kwenye ya kwanza alikaa Julia, upande upande, gauni jeupe amelikusanya mapajani kama mzigo wa kuni, viatu vya harusi mkononi. Kwenye ya pili alikuwa Sabina akilikumbatia shela ndani ya mfuko wake wa nailoni. Ya tatu ilimleta shangazi mmoja mnene ambaye hakuna aliyemwita, ila hakutaka kupitwa.

Julia alishuka akapiga goti pale pale kwenye lami. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona hivi? Bibi harusi anapanda pikipiki?"

"Na mjomba je?" Julia alisema, akautazama ule mguu, na Gerson akaushusha haraka. "Mjomba, ulisema utanipeleka kanisani kwa gari lako."

"Gari limekuwa sufuria, mama."

"Breki zipo?"

"Zipo."

"Stelingi inageuka?"

"Inageuka."

"Basi twende." Alifungua mlango, akaingia, akajitengenezea nafasi. Sabina akamvalisha shela humo humo ndani, akilia na kumgombeza kwa wakati mmoja.

Waliobaki walijipanga nyuma: Felix, Uwesu, vijana wa pikipiki. Walisukuma, na Nang'olo akasogea. Kwenye tambarare alikwenda vizuri, lakini walipofika karibu na mjini barabara ikapanda, na hapo nguvu zikaanza kuwaishia. Ndipo alipotokea bwana harusi, Fortunatus, na kaka zake, wakikimbia na suti zao. Alikuwa ameketi kanisani mbele kabisa mtu alipomnong'oneza kwamba bibi harusi ameonekana kwenye pikipiki, kasi, akielekea Newala. Taarifa ya namna hiyo hakuna bwana harusi anayeendelea kukaa akishaipata.

Alifika dirishani akihema, akamwona Julia yumo, akashika moyo.

Gerson alimtazama kuanzia tai hadi viatu. "Wewe ndiye Fortunatus?"

"Ndiyo, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Sukuma."

Wakasukuma. Ukoo wa mume na ukoo wa mke, bega kwa bega, walisukuma pikapu kuingia Masasi, vigelegele vikiongezeka kila nyumba waliyopita. Wanawake walitoka na kanga wakapepea, na kwaya, iliyochoka kusubiri, ikaja barabarani na kuanza kuimba mbele ya gari. Gerson alishika usukani kwa mikono miwili, mgongo wima, akimgeukia Julia kila mara kuhakikisha yupo. Alikuwa na furaha mpaka taya zilimuuma. Watu waliokuwa wamekaa kwenye baraza na maduka walisimama wote.

Padri alikuwa mlangoni mwa kanisa. Gerson alifunga breki, zile ambazo fundi alizisifia, zikashika, akashuka akamfungulia Julia mlango. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi, akaificha nyuma. Julia akauvuta mmoja akaushika.

Uwanja ukatulia. Gerson alikohoa, akafungua mdomo kusema maneno ambayo wajomba wa ukoo wake wamekuwa wakiyasema, kisha akasita, akageuka kutafuta nyuma ya gari.

"Mlamu. Njoo hapa."

Felix alitoka nyuma ya bodi, shati limelowa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alidhani ameitwa kuangalia tairi. Gerson alimshika mkono akauweka juu ya mkono wa Julia, pamoja na wake.

"Mimi ndiye mjomba wa mtoto huyu," alisema kwa sauti ya kufika hadi nje ya ua. "Na huyu ndiye baba yake. Fortunatus, sisi wote wawili tumekupa." Sabina alijifunika uso kwa kanga. Felix alipangusa vumbi usoni kwa bega, mkono hakuutoa. "Umtunze. Mwenye kosa akiwa yeye, tuite. Mwenye kosa ukiwa wewe, tutakuja bila kuitwa. Na siku ukimchoka usimpige, wala usimwache njiani. Mrudishe Mkunya."

"Nimesikia, mjomba," alisema Fortunatus, jasho likimdondoka kwenye tai, suruali imechanika gotini. Alimeza mate, akaitazama pikapu, akatazama upande wa Newala. "Lakini, mjomba, nitamrudisha kwa gari gani?"

Watu wakaangua kicheko, padri mbele yao. Gerson hakucheka.

"Kwa hili hili," alisema. "Ndiyo maana nakwambia usimchoke."